Vidonge vya Jumamosi

Kinyozi ninayetaka kuwasimulia habari zake si mtu mbaya. Naanza na hilo makusudi, maana mkishasikia alichofanya mtataka kumchapa, na hata mimi kuna siku nilitaka. Ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Chumba chake cha kunyolea kimebanwa kati ya duka la viatu na ngazi za kupanda kwa fundi simu. Kina viti viwili, vioo viwili, kimoja kikiwa na ufa, na dirisha ambalo halifunguliwi mwaka mzima kwa sababu ya baridi. Mji ule una baridi, jamani! Mbu wenyewe waliutazama wakasema hapana.

Kwao hasa ni nchi nyingine, bondeni, kwenye joto na mito. Alipanda huku juu akiwa kijana, akajifunza kazi, akaoa, akapata binti mmoja ambaye kila mtu humwita Chiriku, kwa sababu akianza kuongea hata redio huzimwa. Chiriku yuko darasa la kwanza. Bibi yake mzaa baba alikuwa hajawahi kumtia machoni, ila kwenye simu tu, na kila akipiga alikuwa na wimbo mmoja: "Mjukuu wangu utaniletea lini? Mpaka mnizike?"

Basi shule zilipokaribia kufungwa, safari ikapangwa. Mama Chiriku asingeweza kwenda, kiwanda cha mikate kilimnyima likizo. Mama Chiriku si mtu wa maneno mengi, lakini akisema jambo limesemwa. Aliwashika baba na mtoto, mmoja huku mwingine huku, akawapeleka kwenye chumba cha chanjo za wasafiri, wiki kadhaa kabla ya safari.

Muuguzi wa pale ni bwana mrefu, wa sauti ya taratibu, na ni mteja wa Kinyozi wa siku nyingi. Akawachoma ya homa ya manjano, akawachoma ya homa ya matumbo. Kwa ile ya kwanza Chiriku alilia mpaka watu wa kwenye benchi wakachungulia. Kwa ya pili alimkazia macho muuguzi akamwuliza, "Na wewe ushachomwa?"

"Nimechomwa zote."

"Nani alikuchoma? Alikuonea huruma?"

Muuguzi akacheka, akatoa vidonge vya kuzuia malaria. Akaeleza: kimoja kila wiki, siku ile ile, kuanzia kabla ya safari, kisha wakati wote mkiwa kule, kisha wiki nne baada ya kurudi. Mama Chiriku alisikia kila neno. Kinyozi naye alikuwepo, tena ameinamisha kichwa kwa heshima zote, lakini roho yake ilikuwa kwenye kisogo cha muuguzi, akijiuliza ni nani mshenzi huyu aliyekinyoa hovyo namna ile wakati yeye yupo. Hapo kwenye "baada ya kurudi" ndipo alipokuwa anakagua nyuma ya masikio.

"Mimi niandikie vya mtoto tu, bwana," akasema alipozinduka. "Mimi ni mtu wa kule. Nimezaliwa kule, nimeumwa na mbu wa kule tangu sina meno."

"Huku umekaa muda gani?"

"Tangu ujana."

"Basi kinga uliyokuwa nayo imeshakwenda zake. Ukikaa mbali inaisha. Kwa malaria, wewe na huyu binti yako sasa ni sawasawa."

Kinyozi alicheka kama aliyesikia kichekesho kizuri. Sindano alikubali, kwa sababu kadi ya homa ya manjano huangaliwa mpakani na bila kadi hupiti. Lakini vidonge nani atamchungulia tumboni? Isitoshe aliwaza atakavyotazamwa na mama yake akimeza dawa mezani mwao kama mtalii. Mwacha asili ni mtumwa, akasema. Mama Chiriku alibishana naye mpaka nyumbani, akashindwa. Mtu mzima huwezi kumbana pua ukamnywesha dawa. Siku ya kuondoka, kwenye kituo cha mabasi, alimfunga Chiriku kitambaa shingoni, akamwambia mumewe neno moja tu: "Huyu ndiye roho yangu. Nakupa, unirudishie."

Kule bondeni mambo yalikuwa mazuri, kusema kweli. Bibi alimbeba Chiriku mgongoni, mtoto mzima wa shule, miguu inaburuta. Alikuwa amewatandikia chumba cha ndani, kitanda kimefungwa chandarua kipya pande zote. Kinyozi alimwachia mtoto kitanda, yeye akachukua mkeka akatandika barazani. Jioni alikaa nje kifua wazi na marafiki zake wa utotoni, akijipiga makofi mabegani na kucheka. "Ingia ndani, mwanangu," mama yake alimwambia. "Kwani mimi mgeni?" akajibu, na wenzake wakashangilia. Kila Jumamosi bibi alimsimamia Chiriku ameze kidonge, kisha akamwambia, "Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, nenda kacheze."

Wakarudi salama, mtoto amenenepa, mdomo umeongezeka. Mama Chiriku alimkagua kuanzia utosi hadi kisigino, akashukuru.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, Mama Chiriku alikuwa kiwandani zamu ya asubuhi. Kinyozi alikuwa ameshafungua chumba chake cha kunyolea, wateja wa Jumamosi hawasubiri, na Chiriku alikuwa amekaa sakafuni dukani na kidonge mkononi, analia. Vidonge vile ni vichungu, tusimseme bure mtoto. Alikitia mdomoni, akakitema. Akakitia tena, akatapika maziwa yote kwenye gauni.

"Basi, achana nacho," Kinyozi akasema. "Mbu tumewaacha kule kule. Huku unameza cha nini? Mama yako naye anazidisha."

Akachukua pakiti nzima, akaitumbukiza kwenye ndoo ya takataka, chini kabisa, chini ya nywele za watu.

"Mama akiuliza?"

"Tunasema tumemeza."

"Mimi na wewe?"

"Ndiyo."

"Lakini wewe humezi, baba."

"Chiriku, unataka peremende au hutaki?"

Alitaka. Jioni Mama Chiriku aliuliza, "Amemeza?" na Kinyozi akajibu, "Amemeza," bila hata kupepesa jicho. Jumamosi iliyofuata ikawa vivyo hivyo, swali lile, jibu lile, peremende ile. Ndipo hapo, ndugu zangu, ninapotaka kumchapa.

Katikati ya wiki yule muuguzi akaja kunyolewa. Kiti cha pili alikaa fundi simu wa juu, akisubiri zamu yake, na fundi simu alikuwa amepata kazi ya muda nchi ya joto. Akauliza hiki na kile. Muuguzi akamjibu akiwa amefumba macho, povu limemjaa mashavuni.

"Watu wanakosea pale wanaporudi," akasema. "Anafika nyumbani, anaona yamekwisha, anaacha vidonge. Kumbe vijidudu vya malaria vikiingia mwilini hujificha kwanza kwenye ini. Huwezi kuvihisi, unakula, unacheka. Siku vikitoka kuingia kwenye damu ndipo dawa inapotakiwa iwemo inavisubiri. Ukishaiacha, vinapita njia nyeupe."

"Na mtoto?" fundi simu akauliza, maana naye ana watoto.

"Mtoto ndiyo usiseme. Homa ikimwanza asubuhi, ukakaa unasubiri ipungue, jioni unaweza usiwe naye."

Wembe ulikuwa kwenye koo la muuguzi. Kinyozi aliuinua, akauweka mezani polepole, akasema anatafuta taulo. Taulo lilikuwa begani kwake.

Alipompata muuguzi peke yake mlangoni akaanza kujikuna kichwa. "Kuna rafiki yangu mmoja, yeye na mwanawe walisafiri. Sasa huyo rafiki, unajua tena watu, kama aliacha kumpa mtoto vidonge..."

Muuguzi akamtazama usoni. "Mwambie huyo rafiki yako amlete mtoto leo. Asione haya. Tutampima, tutampa vidonge vingine. Na huyo rafiki mwenyewe aje pia."

"Nitamwambia."

"Leo, bwana."

"Leo leo."

Si alikwenda? Alikwenda! Alifunga duka mchana, akafika mpaka korido ya chumba cha chanjo. Pale kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja anayefanya kazi na mkewe, meza moja, mashine moja. Akimwona na maswali yake, kabla ya zamu kwisha habari itakuwa imefika kwenye tanuri. Kinyozi akageuka kana kwamba amekosea mlango. Akajiambia, kwanza nimweleze mwenyewe Mama Chiriku, nyumbani, kwa utaratibu. Jioni mkewe alirudi amechoka, unga kwenye nyusi, akasema, "Afadhali nyie mpo," na Kinyozi akamsogezea kiti, akamtengea chakula. Kesho. Na kesho ikawa na kesho yake.

Hapo ndipo woga ulipomwingia mpaka kwenye mifupa. Alikuwa anamtazama Chiriku akila. Akibakiza chakula, baba anaikagua sahani. Akipiga chafya, baba anasimama. Mwalimu wa Chiriku alishangaa kumwona Kinyozi dirishani wakati wa mapumziko, ameshikilia nondo kama mfungwa anayetaka kuingia badala ya kutoka. Asubuhi kabla mtoto hajaamka alikuwa ameshainama kitandani, amemwekea kiganja kwenye paji la uso. Baridi. Anashukuru Mungu. Akirudi kutoka shule, kiganja kwenye shingo. Baridi. Kabla ya kulala tena, chini ya kwapa. Baridi, baridi kabisa, na kila siku inayopita anaona kama mtoto anazidi kupoa. Akajipa moyo kwamba huenda wameponea chupuchupu.

Yeye mwenyewe chakula kilikuwa hakimpiti. Kichwa kilimgonga, lakini mtu mwenye mawazo kama yale kichwa kitaachaje kugonga? Viungo vilimuuma, akasema ni kusimama kutwa. Alitetemeka, akasema huu mji na baridi yake, akavaa sweta juu ya sweta. Mkewe alimwuliza kulikoni, akasema mafua. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu wala hakuwa anaficha maradhi yake. Hakuyaona. Macho yake yote yalikuwa kwa mtoto.

Jumamosi ikafika tena. Asubuhi dukani, kabla ya wateja, akamwita Chiriku, akamwekea mkono kwenye paji la uso kama kawaida yake. Baridi. Akafumba macho, akasema, "Alhamdulillahi."

Chiriku akaruka nyuma. "Baba! Mkono wako unaunguza!"

"Unaunguza nini?"

"Kama pasi! Kila siku unaunguza. Mimi nanyamaza tu kwa sababu unapenda kunishika."

Kinyozi akautazama mkono wake. Siku zote zile alikuwa anampima mtoto kwa mkono wenye homa. Ungeugusisha mkono ule na mkate utokao tanurini, mkate ungeonekana umepoa. Sasa Chiriku alikuwa mzima, au alikuwa mgonjwa? Hakujua! Alichokuwa akikishukuru siku zote hakikuwa chochote. Akainama amwinue mtoto wakimbie. Aliyemwona akianguka kati ya viti viwili ni fundi simu, aliyekuwa anashuka ngazi, na yeye ndiye aliyempigia simu Mama Chiriku.

Hospitali ilikuwa imejaa watu wanaokohoa. Daktari wa zamu, binti mdogo aliyekuwa amechoka, alimgusa, akasikiliza kifua, akasema mafua makali yamezagaa mjini, apewe dawa ya homa akapumzike. Mama Chiriku alikuwa bado na aproni ya kiwandani. Akasema, "Daktari, huyu ametoka safari. Nchi ya joto, mwezi haujaisha. Na vidonge vya malaria alikataa."

Daktari akaweka kalamu chini. Uchovu wote ukamtoka usoni. "Mtoeni damu sasa hivi," akamwambia muuguzi wa pale hospitali.

Kinyozi akainua kichwa kutoka kwenye kitanda. Meno yalikuwa yanagongana. "Mtoto kwanza. Mpimeni mtoto kwanza."

"Mtoto ana nini?" Mama Chiriku akauliza. "Mtoto si anameza?"

Chiriku, aliyekuwa ameshikilia chuma cha kitanda, akaona baba yake ananyamaza, akaona mama yake anamgeukia, akadhani sasa ndiyo saa ya kumtetea mzee wake.

"Baba, mimi sijamwambia mtu!" akasema kwa sauti yake yote. "Hata kuhusu ndoo sijasema!"

Sijui kama mmewahi kumwona mwanamke anayetaka kupiga kelele na anayetaka kulia kwa wakati mmoja, na mtoto yuko mbele yake. Mama Chiriku alimbeba binti yake, akanyoosha kidole cha mtoto kwa muuguzi, akasema, "Mchome huyu kwanza." Chiriku hakulia. Aliona hakuna mtu wa kumlilia.

Wakakaa kwenye benchi la korido, mama na mtoto, wakisubiri majibu. Kinyozi aliwaona kupitia mlango uliokuwa nusu wazi. Kila kiatu kilichopita alidhani ni majibu. Alijiambia kama ni mmoja tu wa kufa na awe yeye, kisha akaogopa hata hilo, maana nani atamtunza mtoto, kisha akasema tena, basi na niwe mimi. Mkewe alikuwa anampapasa Chiriku usoni, shingoni, mgongoni, kwa mkono usio na homa.

Majibu ya mtoto yakaja: damu ni safi. Daktari akaeleza kwamba safi ya leo si safi ya kesho, ataanza tena vidonge leo hii na atarudishwa kupimwa, na joto likimpanda wakati wowote, hata kama miezi imepita, aletwe mbio na waseme alisafiri. Majibu ya baba yakaja: malaria, tena imejaa. Angechelewa kidogo, daktari akasema, halafu hakumalizia. Akatundikiwa dripu.

Mama Chiriku akaingia, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema. "Ungeniambia siku ile, ningekupigia kelele usiku mmoja, asubuhi tungekuwa kwa muuguzi. Ulichokuwa unaogopa ni kelele zangu?"

"Ndiyo," Kinyozi akasema. Ilikuwa kweli, na ilimtia aibu kuisikia.

Simu ikaita. Mama yake Kinyozi, kule bondeni, alikuwa ameshaambiwa na sijui nani. Mkewe akaweka sauti kubwa, akamwekea simu kifuani, maana mikono yake ilikuwa haina nguvu.

"Wanasema ni malaria, mama," Kinyozi akasema, na hata katika hali ile akajaribu kutania. "Hebu ona maajabu. Malaria ya kunilaza mimi, mtu wa huko huko!"

Mama yake hakucheka.

"Kwa nini wewe ndiye mwanangu mkubwa?" akauliza.

"Kwa sababu nilizaliwa wa kwanza."

"Hukuzaliwa wa kwanza. Kabla yako walikuwapo wawili, mvulana na msichana. Baba yako alisema tusikutajie, utakua na woga. Walizaliwa chumba kile kile nilichokutandikia ukakikataa. Msichana alikuwa ameshaanza kuniita. Hawakuwahi kusafiri kwenda popote, mwanangu. Walikuwa watu wa huku kuliko wewe. Na ni homa hii hii. Wewe ulipona kwa bahati, na kwa vile nilikuwa sikulazi nje."

Kinyozi akageuza macho kwa Chiriku.

"Mjukuu wangu yupo?" mama yake akauliza.

"Nipo, bibi," Chiriku akasema, akiisogelea simu.

"Wamekupa kidonge?"

"Wamenipa. Kichungu."

"Najua. Kimeze mbele ya simu nisikie."

Mama Chiriku akamimina maji kwenye kikombe. Mtoto akakitia kidonge mdomoni, uso ukamkunjamana, machozi yakamtoka, akameza. Kisha, bila kuambiwa, akageukia kitanda, akafungua mdomo wake mbele ya baba yake, akainua ulimi. Kinyozi akatazama ndani ya kinywa kile, akatazama sana, mpaka Mama Chiriku akamwambia mtoto basi, afunge.